WhatsApp, Facebook, Instagram au TikTok: asasi ya kandokando ya ziwa ikusanye watu wake wapi?

Mwaka juzi dada anayetushughulikia mitandao alikwenda kujifungua. Asasi yetu ni ndogo, inafanya kazi na kina mama wanaokausha dagaa kwenye mialo, yaani fukwe zinakotua mitumbwi, ya Ilemela na Magu, Ziwa Victoria upande wa Mwanza, na paswedi zote alikuwa nazo yeye. Wiki tatu hakuna aliyeposti kitu. Alipopata nafasi ya kuchungulia, mtoto yuko kifuani, akakuta hivi: Facebook kimya. Instagram kimya, na wafuasi wachache wameondoka. Kundi la WhatsApp, meseji zaidi ya mia nne hajazisoma. Kina mama walikuwa wamepeana bei ya soko la Mwaloni Kirumba, wameulizana nani ana turubai la ziada maana mvua ya Igombe ilikuwa haikatiki, wamemchangia mwenzao aliyefiwa, na wamegombana mara mbili wakapatana mara moja. Hakuna aliyeuliza asasi imepotelea wapi.

Nilijisikia vibaya kidogo. Halafu nikaona kwamba ndicho tulichokuwa tukikiandika kwenye maombi ya ufadhili miaka yote: watu wanaoongea wao kwa wao.

Tangu hapo mtu wa asasi nyingine akiniuliza wafungue akaunti wapi, namrudishia swali: mkinyamaza wiki tatu, nani ataendelea kuongea na nani? Kwa idadi ya wafuasi mitandao hii yote inafanana. Kwa swali hilo inaachana mbali kabisa, na ndivyo nilivyoipanga hapa chini.

WhatsApp: kelele, lakini kelele za wenyewe

Huku ziwani mwenye simujanja ana WhatsApp, na wengi ndiyo programu pekee wanayoifungua kila siku. Bando dogo la siku linamtosha mtu kusoma na kujibu. Hilo peke yake limeshaipa ushindi mkubwa kuliko sifa zote za wenzake.

Lakini sababu iliyonishawishi mimi ni mikono. Siku moja, kama saa nne asubuhi, nilimkuta mama mmoja Kayenze anageuza dagaa kwenye kichanja, ile meza ya wavu ya kuanikia. Simu yake kaiviringisha kwenye nailoni, kioo kimepasuka pembeni.

"Shikamoo mama. Mbona kwenye kundi huandiki, unatuma sauti tu?"

"Marahaba mwanangu. Niandike na mikono hii?" Akanionyesha viganja, vimejaa magamba na mchanga. "Kioo chenyewe hakisikii. Mimi nabonyeza hapa, nashikilia, naongea, naachia. Imekwenda."

Nusu ya anayoyasema kwenye hizo sauti ni Kisukuma, ambacho hata angekuwa na mikono mikavu asingekaa kukiandika. Jukwaa linalotaka watu waandike lingempoteza siku ya kwanza. Kasoro ya sauti ni kwamba huwezi kuitafuta baadaye, na ya dakika nne huwa na dakika mbili za salamu tu, "Mwangaluka, mwangaluka nyote". Sisi tumeweka utaratibu: mwenye zamu anasikiliza, kisha anaandika mstari mmoja chini yake, kwa mfano "Mama wa Kayenze anauliza chumvi ya kuhifadhia inapatikana wapi". Asiye na muda anasoma mstari.

Ndani ya WhatsApp kwenyewe kuna uchaguzi mwingine, na hapa ndipo asasi nyingi zinakosea. Kuna kundi, kuna chaneli, kuna jumuiya.

Kundi linabeba watu 1,024. Kwa uzoefu wangu likivuka mia mbili linageuka mkutano wa hadhara: wazungumzaji ni walewale kumi, wengine wanazima mlio. Chaneli, iliyoenea dunia nzima Septemba 2023, inachukua watu bila hesabu, namba ya simu ya admini haionekani wala wafuasi hawaonani. Inafaa sana kwa tahadhari ya upepo au tarehe ya mafunzo. Ila wafuasi wanaweka vikatuni vya kupenda na kusikitika tu, hawajibizani. Asasi ikinyamaza, chaneli imekufa. Nimeona watu wakifunga kundi lililochangamka na kuhamia chaneli kwa sababu "inaonekana rasmi", kisha wanashangaa mbona watu wamepoa.

Jumuiya ndiyo tuliyobaki nayo. Inaunganisha makundi kadhaa chini ya paa moja, na juu yake kuna ubao wa matangazo ambao ni maadmini tu wanaoandika. Kila mwalo una kundi lake, watu hamsini, sitini hivi wanaofahamiana kwa sura. Ugomvi wa Igombe unaishia Igombe. Tangazo la wote linapita ubaoni.

Sasa ubaya wake. Wa kwanza na mkubwa ni namba. Ndani ya kundi kila mtu anaiona namba ya simu ya kila mtu. Kwa wakausha dagaa si tatizo kubwa, wengi wanauziana. Kwa asasi ya wasichana waliokatishwa masomo, au ya watu wanaoishi na VVU, au ya wanawake wanaopigwa majumbani, ni hatari. Tuliwahi kuwa na kundi la mabinti waliokuwa wakijifunza ushonaji. Siku ya nne wawili walishaanza kupokea "mambo mrembo" kutoka kwa mtu aliyeingia kama mjomba wa mmoja wao. Tulilifunga. Kazi yako ikiwa ya aina hiyo, ruka sehemu hii uende Facebook.

Ubaya wa pili ni takataka: picha za maua zenye salamu za asubuhi, matangazo ya kuzidisha pesa, tetesi za dawa. Hapo hakuna ujanja zaidi ya admini mwenye ngozi ngumu na kanuni tano fupi zilizosomwa kwa sauti, maana kanuni zilizoandikwa hazisomwi.

Na kuna suala la michango ya misiba. Washauri watakwambia upige marufuku, kundi ni la kazi. Mimi nilipiga marufuku, nikajuta. Mama akifiwa, kundi lake likakaa kimya kana kwamba halijasikia, harudi tena kwenye kundi hilo kwa moyo. Tumekubaliana hivi: msiba wa mwanachama, mwenzi wake, mtoto wake na mzazi wake unatangazwa mara moja, mchango unakwenda kwa mweka hazina wa mwalo, orodha ya waliochanga haibandikwi kila baada ya dakika tano. Harusi na ubarikio vina kundi lake pembeni. Wenye kutaka waende.

Jambo la mwisho kuhusu WhatsApp ni mwezi. Ushauri wa kawaida wa mitandaoni ni kuposti kila siku saa fulani. Dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa mwanga wa taa. Mwezi ukiwa mkali hawakusanyiki kwenye taa na mitumbwi mingi inakaa nchi kavu. Kwenye giza kina mama wako mwaloni kabla jua halijatoka kusubiri mitumbwi, na mchana kutwa wanageuza na kukusanya. Ukiuliza swali la maana siku hizo utajibiwa na mtu mmoja, tena mwanaume. Mbalamwezi ikifika, kundi linafurika. Kwa hiyo majadiliano, kura na kupanga mafunzo tunaviweka kwenye mbalamwezi, na kwenye giza tunapeleka taarifa fupi tu. Kalenda yetu ya kuposti iko angani.

Facebook: ukurasa ni kibao, kundi ni baraza

Vijana wa mjini wanasema Facebook ni ya wazee. Waacheni waseme. Watendaji wa kata, walimu, wavuvi wenye umri wao na Wanamwanza waliohamia Dar es Salaam au ng'ambo bado wapo humo, na wengi wao ndio wanaoweza kuisaidia asasi yako.

Usichanganye ukurasa na kundi. Ukurasa ni kibao cha duka: unaonyesha jina, anwani, picha za mafunzo, ili mtu anayetaka kukujua akute kitu. Posti zake zinawafikia wachache kati ya waliokupenda isipokuwa ulipie tangazo. Kwa kipimo cha kimya, ukurasa unaanguka vibaya kuliko yote.

Kundi la Facebook ni habari nyingine, na kwa kazi fulani linaishinda WhatsApp waziwazi. Namba za simu hazionekani. Mgeni akiingia leo anasoma yaliyojadiliwa mwaka jana, na anaweza kuyatafuta kwa neno. Unaweza kumwekea maswali matatu mlangoni kabla hujamkubali. Sisi tunauliza anatoka mwalo gani na nani anamfahamu. Na ukiliruhusu, mwanachama anaweza kuposti bila jina lake kuonekana kwa wenzake.

Hilo la mwisho lina uzito huku kwetu. Kuna mambo ya mwaloni ambayo hakuna mama atakayeyasema mbele ya watu sitini wanaoijua namba yake: mvuvi anayekataa kuuza dagaa mpaka mwanamke akubali kulala naye, mume anayechukua hela ya mauzo yote. Posti isiyo na jina inafungua kinywa. Lakini waambieni ukweli mapema: maadmini bado wanaliona jina la aliyeandika. Kwa hiyo admini asiwe shemeji wa kila mtu mwaloni, na akipatikana na ulimi mrefu atolewe siku hiyohiyo.

Udhaifu wa Facebook ziwani ni mahudhurio. Kwenye WhatsApp swali linajibiwa kabla chai haijapoa. Kwenye kundi la Facebook jibu linaweza kuja kesho kutwa, na mama wa Kayenze mwenye mikono ya magamba hatakuwepo. Linafaa pale jambo linapohitaji usiri na kumbukumbu, si pale linapohitaji haraka.

Tahadhari moja kabla sijatoka hapa. Asasi moja ninayoifahamu ilifunguliwa ukurasa na kijana wa kujitolea kwa akaunti yake mwenyewe. Kijana akapata kazi mkoa mwingine, akabadilisha simu, akasahau paswedi. Ukurasa upo mpaka leo na namba ya simu isiyopatikana, na hakuna wa kuufuta. Wekeni watu wawili wenye mamlaka kamili, mmoja awe kiongozi asiyehamahama.

Instagram na TikTok: dirisha zuri, hakuna viti

Naziweka pamoja kwa sababu kwa swali langu zinajibu sawa. Zinakuleta machoni pa watu. Hazikai na watu.

TikTok ina jambo moja ambalo nyingine zote zinalionea wivu: haihitaji uwe na wafuasi. Video ikishika, inapelekwa kwa watu wasiokujua kabisa. Tuliweka video ya sekunde arobaini, upande mmoja dagaa waliokaushwa mchangani, upande wa pili wa kwenye kichanja, mkono wa mama ukiwavunja wote wawili karibu na kipaza sauti ili usikie nani amekauka vizuri. Wakaja watu wa Musoma na Kigoma kuuliza kichanja kinajengwaje. Wengine wakauliza bei. Wengine walitukana tu, na wengine wakatania kwamba mchanga nao una vitamini. TikTok inakuruhusu kumjibu mtu wa komenti kwa video nyingine, kwa hiyo fundi wetu alijibu namna ya kupima miguu ya kichanja na kukaza wavu. Ilikuwa darasa zuri kuliko semina nyingi nilizohudhuria.

Wiki mbili baadaye watu wale wale hawapo. Hawajuani, hakuna kilichowafunga. Waliobaki ni wachache waliobonyeza linki kwenye wasifu wetu wakaingia kundini. Ndiyo kazi ya TikTok: kuwaonyesha watu mlango. Kama nyuma ya mlango hakuna kundi, umecheza ngoma barabarani. Ukumbuke pia kwamba video zinakula bando, na wanachama wako wa visiwani Ukerewe au Kome hawatamaliza MB zao kukutazama wewe.

Instagram ni ya picha safi na ya watu wa mjini. Wafadhili wanachungulia huko kabla ya kukujibu barua pepe, na wanafunzi wa vyuo, SAUT kule Malimbe kwa mfano, ndiko wanakoona nafasi za kujitolea. Linki uliyoiandika kwenye maelezo ya picha haibonyezeki, hivyo iweke kwenye wasifu. Picha tatu kwa mwezi zinatosha. Asasi ya watu wanne inayoposti Instagram kila siku, mimi huwa najiuliza mwaloni anakwenda nani.

Kwenye picha na video kuna sheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamhusu pia anayekusanya majina, namba na sura za watu kwa kazi ya asasi, na ipo tume ya kujisajili. Omba ridhaa kwa lugha ambayo mtu anaielewa, na kwa mtoto muulize mzazi. "Nikupige picha?" si ridhaa ya kuwekwa TikTok. Mama anaweza kukubali kupigwa picha akidhani ni ya ofisini, kisha shemeji yake aliyeko Geita akamuona amefunga kanga ya kazini mbele ya dunia nzima.

X, YouTube, Telegram

X ilikuwa mahali pa kumfikia waziri na mwandishi wa habari. Mei 2025 ilifungiwa Tanzania, na TCRA, mamlaka ya mawasiliano, tangu Oktoba 2023 ilishataka wanaotumia VPN, programu za kupita vizuizi vya mtandao, wazitolee taarifa. Asasi iliyosajiliwa haina sababu ya kujenga nyumba yake juu ya kiwanja cha namna hiyo. Kama una akaunti ya zamani iache ilale.

YouTube ni ghala. Video ya dakika kumi ya kujenga kichanja itapatikana hata baada ya miaka, na unaweza kuituma linki kundini. Ukitaka kuwa na vipindi vya mfululizo kama televisheni ya mtandaoni, nenda kwanza TCRA ukaulize habari ya leseni.

Telegram kwa makaratasi ina sifa zote: kundi la watu mpaka 200,000, mgeni anaona yaliyopita, mafaili makubwa yanapita. Tatizo ni moja, watu wetu hawapo. Niliwahi kuwashawishi maafisa ugani wahamie. Walikuja sita. Watatu walikuwa wafanyakazi wetu.

Wenye kitochi

Hakuna ulinganisho wa haki huku bila wao. Kwenye kila mwalo kuna mama mwenye kitochi, simu ndogo isiyo na WhatsApp, mara nyingi ndiye mzoefu kuliko wote. Tumejaribu SMS za jumla. Zinafika, zinasomwa, lakini hazijibiwi, kwa sababu jina la mtumaji linalotokea halipokei jibu. Redio inafanya zaidi. Redio Free Africa iko hapa hapa Mwanza na inasikika hata mtumbwini, na kipindi kimoja chenye simu za wasikilizaji kinazua mazungumzo ambayo kundi linayaendeleza wiki nzima. Njia ya tatu ni ya kienyeji: kila mwenye simujanja amepewa wenzake wawili wenye kitochi, anawasomea ya kundini wakati wa kugeuza dagaa na kurudisha maoni yao kwa sauti. Wakati mwingine sauti hiyo inarekodiwa wote watatu wakiongea kwa pamoja, huelewi kitu.

Ningekuwa wewe

Wanachama wako wakiwa wanafahamiana na mambo yao ni ya kila siku, bei, hali ya hewa, usalama wa majini, anza na makundi madogo ya WhatsApp, yaunganishe kwenye jumuiya yakishafika matatu. Usifungue kingine kwa mwaka mzima.

Mambo yako yakiwa ya siri, kundi la faragha la Facebook, maadmini wawili waliochaguliwa kwa tabia, na WhatsApp ibaki ya mtu mmoja mmoja na mhudumu.

Ukiwa unatafuta vijana au wateja usiowajua bado, TikTok, kwa sharti kwamba kundi la kuwapokea lipo tayari. Ukiwa unatafuta mfadhili, ukurasa wa Facebook na Instagram zenye picha chache za kweli, na usimwambie kwamba hiyo ndiyo jumuiya yako.

Vyovyote utakavyochagua, nunua daftari. Intaneti ilipozimwa nchi nzima siku ya uchaguzi, 29 Oktoba 2025, na kukaa hivyo siku kadhaa, majukwaa yote niliyoyataja hapo juu yakawa sawa. Kundi la Igombe liliendelea kwa sababu mweka hazina alikuwa na majina na namba zote kwa kalamu, kurasa tatu za mraba, na akapiga simu za kawaida mmoja baada ya mwingine. Kundi letu jingine, lenye admini kijana mwenye simu nzuri kuliko wote, halikuwa na daftari.

Na kwenye bajeti andika bando la admini. Nimeona bajeti zenye mabango, fulana na kofia za uzinduzi wa ukurasa, halafu dada anayejibu watu mia tatu mpaka saa tatu usiku anajinunulia bando mwenyewe. Sisi tulimwandikia fungu lake baada ya yale ya wiki tatu. Alipolipokea aliuliza kama na miezi ya nyuma ingelipwa. Bado tunalijadili, na amesema kama mbalamwezi hii itapita bila jibu ataliuliza kundini.